Walioanguka Mikarafuu

Gari ilipotoka Mtambile, mbele yangu Mzee Hija alimsimulia jirani yake wa kiti, Bi Zulekha, kuwa mtafiti wa maradhi ya neva ya kurithi alimuuliza nani kwao walilemaa uzeeni. “Nikamwambia baba na kaka walianguka mikarafuu.”

“Walianguka kweli?”

“Miguu ilikufa tu. Mwanangu anaposwa, nitangaze kuwa kwetu kuna maradhi?”

Bi Zulekha alifura. “Na mposaji umemwambia?”

“Ni mtoto wa kaka huyo huyo.”

“Subhanallah! Wajukuu wako wayarithi maradhi pande zote mbili, kisa aibu yako?”

“Usinipigie kelele, mie si mumeo.”

“Bahati yangu!”

Gari ikasimama Madungu. Mzee Hija akainuka, mguu wa kushoto ukagoma. Akauvuta kwa mkono.

“Na wewe,” Bi Zulekha akauliza, “umeanguka mkarafuu upi?”