Mahindi ya Kuchovya ya Dada Yake Kitasa

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na limeegemea kibanda cha fundi funguo. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Huja hapa kupumzisha mgongo, na mara nyingi mgongo hupumzika mpaka wateja wanahama. Hukaa hapo Antena, fundi redio, mtu anayejua habari kabla hazijatokea. Hukaa Mstaafu, aliyekuwa karani wa stoo, ambaye hata akipiga chafya hutaka iingizwe kwenye faili. Hukaa muuza kahawa na jiko lake la mkaa. Na fundi funguo mwenyewe tunamwita Kitasa, kwa sababu hufungua milango ya watu wote ila mdomo wake haufunguki. Alhamisi ile alasiri, bila kuomba ruhusa, Kitasa aliliepua birika la kahawa akabandika sufuria yake. Hapo ndipo amani ilipotoweka.

Muuza kahawa: Wee! Hilo birika ndiyo ajira yangu!

Kitasa: Dakika kumi tu, ndugu yangu. Nina jambo zito.

Antena: Jambo zito gani? Mimi naona mahindi.

Kitasa: Si mahindi tu. Ni mahindi ya kuchovya, ya Kimeksiko. Yanachanganywa na jibini, yanawekwa bakuli moja katikati, watu wanachovya yakiwa ya moto. Ni chakula cha kwenye mkusanyiko.

Mstaafu: Mkusanyiko upi? Una kibali?

Ndipo mdomo wa Kitasa ulipofunguka. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, anastaafu kesho baada ya miaka thelathini kwenye jiko la hoteli. Jumamosi ndugu wote wanakutana nyumbani kwake, na safari hii wameapa dada hagusi mwiko. Kila mmoja amepewa chakula chake cha kupika. Kitasa, ambaye miaka yote hupewa kazi ya kubeba viti, alisimama mbele ya ndugu zake akajitolea kupika mahindi hayo yaliyompa dada jina hotelini. Tatizo ni kwamba Kitasa hajawahi kuchemsha hata maji ya kuoga. Mapishi ameyapata kwa mhudumu mmoja wa hoteli, yameandikwa nyuma ya kasha la sabuni.

Mimi: Si ungemuuliza dada mwenyewe?

Kitasa: Nataka ashtukie bakuli liko mezani. Jamani, nikiharibu hili, nitabeba viti mpaka nife.

Mimi: Haya, soma.

Kitasa: "Kaanga mahindi kwa siagi mpaka yaungue kidogo."

Mstaafu: Kidogo kiasi gani? Gramu ngapi za kuungua? Enzi zangu stoo, karatasi kama hiyo nisingeipokea.

Kitasa: Yashaanza kuungua.

Mimi: Hiyo inayoungua ni sufuria, mwenzangu. Koroga.

Nikayaangalia yale mahindi vizuri. Punje zote zilikuwa zimekatwa kimo kimoja, sawasawa kama meno ya ufunguo. Nikaingiwa na wasiwasi.

Mimi: Punje umezitoa kwa kifaa gani?

Kitasa: Msumeno mdogo. Lakini mpya!

Mimi: Na jibini umelikwangua kwa kitu gani?

Kitasa: Tupa ya kuchongea funguo. Nayo mpya, haijagusa chuma.

Antena: Sawa kabisa. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Mstaafu: Hiyo imeingiaje hapo?

Antena: Jibini zito, litazama chini. Utalipataje usipoinama?

Wakati huo mama mmoja mwenye sare ya muuguzi alifika na ufunguo mkononi, akataka achongewe mwingine kama huo. Kitasa akamwambia, "Dakika moja, mama yangu," akamsogezea nafasi kwenye benchi, kisha akamsahau papo hapo. Yule mama akaweka mkoba wake mapajani akatulia, kama mtu aliyezoea kungoja wanaume wamalize kuongea.

Muuza kahawa: Mimi swali langu ni moja. Kwa nini bakuli moja? Sahani zimeisha huko kwao?

Antena: Hilo niulize mimi. Jibini likiyeyuka linavutika. Wewe umevuta huku, mwenzako amevuta kule, katikati kuna uzi. Ule ni waya, bwana! Mnakuwa mmeunganishwa. Ndiyo maana watu wakila hicho kitu husema ukweli bila kuulizwa.

Mstaafu: Upuuzi. Bakuli moja ni ukaguzi. Watu ishirini, bakuli moja: utamjua mlafi, utamjua mchoyo. Ningekuwa na mamlaka, posa zote zingeanzia hapo. Mchumba akirudisha bakulini kipande alichokwisha kung'ata, naye arudishwe kwao.

Muuza kahawa: Kwani ni kosa? Mchovya asali hachovyi mara moja!

Mstaafu: Hiyo asali. Hapa tunazungumzia mate.

Antena: Kuna serikali iliwahi kuanguka kwa sababu ya kuchovya mara mbili.

Mimi: Ya nchi gani?

Antena: Jina walilifuta.

Muuza kahawa: Cheka tu. Mjomba wangu alikula jibini la moto harusini, likamgandia mdomoni. Siku mbili hakuweza kusema neno. Mkewe alirudi kwa maharusi kuomba mapishi.

Tulicheka mpaka mguu wa matofali ukayumba. Kitasa hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alishatia kitunguu saumu na pilipili, sasa alikuwa ameinua bakuli la maziwa ya mgando yaliyochanganywa na mayonizi, anataka kuyamwaga juu ya moto unaowaka. Muuza kahawa akamdaka mkono.

Muuza kahawa: Epua kwanza! Maziwa hayapendi fujo. Ukiyamwaga humo yatakatika, utampelekea dada yako maji na mabonge.

Kitasa: Karatasi haisemi kuepua.

Muuza kahawa: Karatasi haijawahi kushika moto ikabaki kuusimulia. Epua!

Akaepua. Akamimina, akakoroga, akatia jibini lote la tupa, akakamulia ndimu, akairudisha sufuria kwenye majivu ya pembeni ambako joto lilikuwa la upole. Jibini likaanza kulegea, likatoa mapovu madogo ya uvivu. Akanyunyiza majani ya giligilani. Kisha akatoa pakiti ya krispi za mahindi, akatugawia kipande kimoja kimoja kama mtu anayegawa karatasi za mtihani.

Tukachovya.

Utamu wa mahindi ulitangulia, ukafuatiwa na ule moshi wa kuungua, halafu ndimu, halafu pilipili ikaja taratibu kutoka nyuma. Sina aibu kusema nililamba kidole.

Mstaafu: Jamani tujiheshimu. Chovyachovya humaliza buyu la asali.

Alisema hivyo huku akichovya mara ya nne, tena kwa kipande alichokwisha kung'ata.

Kitasa: Ni mazuri? Nambieni ukweli.

Antena: Ndugu yangu, viti watabeba wengine.

Kitasa akafuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia pilipili. Ndipo yule mama wa ufunguo alipofungua kinywa.

Muuguzi: Na yeye huyapenda?

Kitasa: Kuyapenda? Mama, ameyapika miaka thelathini!

Muuguzi: Hilo la kupika nimelisikia. Nauliza kula. Huyo dada yako anapenda kula nini?

Kitasa: Anapenda... dada anapenda...

Tulimwangalia, naye akaiangalia sufuria.

Kitasa: Sisi tukila, yeye alikuwa anasema ameshaonja jikoni. Alikuwa anakula mwisho. Kile kilichobaki.

Muuguzi: Na kisipobaki?

Antena, ambaye hajawahi kukosa jibu hata kwa swali lisilomhusu, akainama kukaza kamba za viatu vyake. Viatu vyenyewe havina kamba. Mstaafu akasema dada yake yeye anapenda wali, kisha akasema hapana, wali ni yeye anayeupenda. Nami nikamfikiria mke wangu. Miaka kumi na tisa tumeishi pamoja, nikatafuta kichwani weee, nikapata chai. Chai si chakula. Nikaona aibu.

Mimi: Si umpigie tu?

Kitasa: Nitamharibia kushtukizwa.

Muuza kahawa: Piga, bwana.

Akapiga, akaweka sauti ya wazi ili sote tusikie.

Kitasa: Shikamoo, dada.

Dada: Marahaba. Nani kafa?

Kitasa: Hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza, unapenda kula nini?

Dada: Mnakuja wangapi? Semeni mapema, niroweke.

Kitasa: Leo hatuji. Na usipike. Nauliza wewe. Wewe mwenyewe, dada. Unapenda nini?

Kwenye simu tulisikia vyombo vikigongana na maji yakimwagika. Kisha bomba likafungwa. Kitasa akadhani simu imekatika, akaitazama, haikuwa imekatika.

Dada: Ngoja.

Kitasa: Dada?

Dada: Hebu ngoja kwanza, mdogo wangu. Usikate. Nafikiria.

Tukangoja. Sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke, na hakuna aliyechovya.