Jozi ya Pili ya Vijiti vya Mzee Moshi

Baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha bolti hapa Haiyan, Bwana Shen Maolin anastaafu Jumanne, tarehe 31 Machi 2026. Mimi, Tao Xiuying wa bwaloni, nimeombwa kumwandikia, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyemwona akila kila siku.

Alianza kwenye mizani ya shehena, na enzi hizo meza yake hapa bwaloni ilijaa watu na kelele. Kisha Ulaya ikaanza kudai hesabu ya hewa ya ukaa kwa kila tani ya bolti inayoingia kwao, na kazi hiyo akapewa yeye. Akawa mtu wa kuulizauliza: tanuri limekula gesi kiasi gani, umeme je? Wauza chuma wetu, ambao nao sasa wamo katika soko la kaboni la taifa, wanakolipia moshi wanaotoa, aliwapigia simu hadi wakaacha kupokea. Akabandikwa jina la Mzee Moshi. Akitokea mlangoni na sinia yake, watu walishiba ghafla.

Mambo yaliharibika mwaka juzi. Hesabu yetu ilitoka kubwa, na mnunuzi wa Hamburg, akihofia ada ya moshi huo, akatishia kuhamia kwingine. Bwana Kang Deshun, mkuu wa tanuri, alimfuata palepale bwaloni.

"Punguza kidogo tu, Mzee Moshi. Moshi wenyewe nani anauona?"

"Nauona mimi," akajibu, akaendelea kula.

Oda ikasimamishwa, na bonasi ya Mwaka Mpya ikaota mbawa. Tangu hapo hakuna aliyeketi naye. Baadaye wakaguzi walikuja, wakakuta hesabu zetu ni za kweli. Mnunuzi akatuamini: oda ikarudi, bonasi ikarudi, lakini watu hawakurudi mezani kwake. Hawakuwa na kinyongo tena, walishazoea tu. Iliniuma sana.

Kila adhuhuri huchukua jozi mbili za vijiti vya kulia. Siku moja nilimtania: "Mzee Shen, una vinywa viwili?"

"Mtu akija, asihangaike kurudi foleni," akasema.

Jozi ya pili huirudisha safi, nami huiosha hivyo hivyo.

Mzee Shen, asante kwa kutulindia kazi zetu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na jirani mpenda gumzo.

Na ninyi wengine: Jumanne napika nyama ya nguruwe ya mchuzi mwekundu. Vijiti vyote vya bwalo vitakuwa mezani kwa Mzee Shen. Sitaki kuosha vijiti safi.