Mtihani wa Bahari, Boti za Ziwani

Mgeni rasmi, Mhandisi Rodolfo Escobedo, unayetoa leseni za boti za abiria: karibu Santiago Atitlán. Sisi manahodha tisa wa gati hili tumefurahi kukuona, ingawa umetukuta tumechanganyikiwa.

Tulikotoka

Lugha ya nyumbani kwetu ni Kitz'utujil. Ziwa hili tunalivuka tangu enzi za makasia, na abiria wageni tulielewana nao kwa vidole. Mwaka jana ofisi yako ilitutaka tujue Kihispania cha safari za majini, ikatuletea kijitabu.

Tulikofanikiwa

Tulisoma miezi saba. Gati tukaliita muelle, kasia remo, jaketi la kuokolea chaleco. Gaspar Tacaxoy, mwenye miaka thelathini na mmoja kwenye usukani, alifikia hatua ya kumwamuru mkewe kwa Kihispania avae chaleco jikoni.

"Sufuria ikizama nitakuita, baba watoto," mkewe akamjibu.

Yanayotuchanganya

Kijitabu kiliandikiwa watu wa baharini. Mtihani ukauliza: maji yakijaa, utasubiri muda gani yapwe? Maneno yote tuliyaelewa. Lakini ziwa letu likipanda, hupanda kwa miaka. Gati alilojenga baba yake Gaspar liko chini ya maji hadi leo! Basi tukaandika ukweli: "Tunahamisha gati, kusubiri tunawaachia wajukuu."

Tukafeli sote tisa.

Aliyefaulu ni Salvador Quiejú, fundi cherehani, shemeji yake Gaspar, aliyekuja kumsindikiza tu naye akafanya mtihani. Alijibu "masaa sita", kama kijitabu kinavyosema. Boti hajawahi kuendesha, akipanda hutapika.

"Shemeji, nipishe usukani, nahodha ni mimi," Salvador humtania Gaspar.

"Njoo na ndoo yako," Gaspar humjibu, lakini hacheki. Leseni yake inakwisha Jumamosi. Zetu pia.

Ombi

Tunaomba mtihani mwingine, kwa Kihispania hichohicho, ila ufanyiwe ndani ya boti, katikati ya ziwa. Hatuombi urahisishwe hata kidogo.

Mgeni rasmi, asubuhi ulivushwa na Gaspar. Sasa upepo wa mchana umeanza kuinua mawimbi, nawe lazima urudi. Wawili wanakusubiri gatini: Gaspar uliyemfelisha, na Salvador mwenye cheti chako. Utakayepanda naye ndiye jibu letu.

Mungu akulinde ukivuka, wako wakupokee ukifika.

Ni sisi,
Manahodha wa Gati la Santiago Atitlán.
Imesomwa na Diego Sosof.