Nilitamani Mimba Ili Nilale

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi wa upande wa akina baba, asifiwe kwenu pia, msichungulie saa, maana habari yangu inawahusu. Mimi ni Mama Neema wa Titye. Wengi mnanijua kwa ndizi zangu pale soko la Kasulu. Leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa na hamu iliyotaka kuniua.

Miaka ile ya 2013 na 2014 nilikuwa na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Mume wangu Yohana alikuwa anaendesha bodaboda mjini Kasulu, anatoka mapema anarudi jioni. Shamba la maharage ni langu, muhogo wa kuloweka ni wangu, kuni zangu, maji yangu, na siku ya soko mkungu kichwani, mtoto mgongoni. Chakula nilikula nimesimama jikoni, wengine wameshanawa, mimi nakwangua sufuria. Ugali wa muhogo ukishapoa mnaujua wenyewe. Basi huo ndio ulikuwa wangu.

Sikuwa mgonjwa wa kulazwa. Nilikuwa nimechoka tu. Lakini kwetu mwanamke akisema amechoka, anaulizwa kwani amefanya nini. Ukilala mchana na huna homa, jirani akipita atasema mvivu, na mama mkwe atakuwa na habari kabla jua halijazama. Kwa hiyo nilikuwa natembea huku nasinzia.

Basi, ndugu zangu, nikaanza kukumbuka. Nilikumbuka nilivyojifungua mtoto wa kwanza. Mama yangu alikuja kunilea. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akaninywesha uji wa ulezi mpaka jasho linanitoka. Kitenge chake kilinukia moshi na mawese. Nikitaka kuinuka nishike ufagio, ananifokea: "Lala wewe! Mzazi hafagii." Jamani, lile neno lala. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyewahi kuniambia tena. Nilikuwa nachota maji, nainama kwenye kisima, nalisikia sikioni, natamani nilale palepale kwenye matope.

Hapo ndipo hamu mbaya iliponiingia. Nikatamani mimba. Si mtoto, ndugu zangu, watoto ninao na nawapenda. Nilitamani zile siku za uzazi, nilale watu wakiniletea, na asiwepo wa kuniita mvivu. Nikimwona sokoni mwanamke mwenye mimba kubwa, machozi yananilengalenga. Mtu miguu imemvimba, hata viatu havimwingii, na mimi namwonea wivu.

Na mimba kwangu ilikuwa kifo. Uzazi wa mwisho nilimwaga damu nyingi sana. Nesi wa zahanati alituita mimi na Yohana akatuambia wazi: mama huyu asibebe tena, akibeba tunaweza kumpoteza. Yohana aliogopa, yeye mwenyewe akasema nianze sindano za uzazi wa mpango. Mimi maneno ya nesi niliyasikia vizuri, na bado kila nikipiga magoti namwomba Mungu mimba. Nikapanga moyoni kwamba tarehe ya sindano ikifika, sitakwenda.

Tarehe ikakaribia. Nikaenda kwenye maombi ya akina mama, yale ya mchana. Walipouliza nani ana hitaji, nikasimama nikasema niombeeni nipate mtoto. Wakanizunguka, nikapiga magoti, wakaniwekea mikono. Waliomba kwa Kiswahili, waliomba kwa Kiha, wakalia. Mimi nilichosikia ni joto la mikono yao tu, kichwani, mabegani, mgongoni. Nikaanguka. Wakasema Roho amemshukia, wakanifunika kitenge kama tunavyofanya siku zote. Ndugu zangu, nisiwadanganye, mimi nilikuwa nimelala. Usingizi mtupu, mpaka nakoroma.

Nilipofumbua macho wenzangu walikuwa wameshaondoka. Mama mchungaji alikuwa amekaa kwenye mkeka kando yangu, amempakata mtoto wangu. Nikataka kuruka, akanishika bega.

"Mama Neema, una wanne. Huyu wa tano ni wa nini?"

Nikamwambia, "Mama, sitaki mtoto. Nataka kulala."

Nikamweleza yote, la nesi, la sindano, la mama yangu. Hakunikemea. Alilia kidogo, akajifuta, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nenda kachome sindano yako. Uzazi tutakulea bila mtoto."

Nilidhani ananituliza tu. Nikaenda kuchoma, kumbe yeye alikuwa anasema kweli. Kesho yake asubuhi wakaja akina mama wa maombi, huyu na kuni, huyu na ndoo ya maji kichwani, mwingine na unga wa ulezi na samaki wa migebuka. Mama mchungaji akamkalisha Yohana akamwambia mke wako ni mzazi, wiki hii halimi wala hapiki.

Yohana akaangalia huku na huku. "Mzazi? Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto hayupo, baba. Mama yupo, na tunataka abaki."

Yohana akaegesha pikipiki, akachukua dumu, akaenda kisimani. Wenzake walimcheka huko, akawajibu kwamba mke wake yuko uzazi, wamwache.

Nilikandwa kwa maji ya moto. Nilinyweshwa uji. Nikiwa kitandani nasikia wanacheka uani, wanawaogesha watoto wangu, nikalia kwa kumkumbuka mama yangu mpaka usingizi ukanichukua tena. Hamu ya mama haijaniisha hata leo. Ile iliyotaka kuniua ndiyo iliyoondoka.

Sasa nakula nimekaa, chakula kingali cha moto. Nikishakula nalala kidogo kwenye mkeka, mlango wazi, anayetaka kupita na anione. Yohana siku nyingine anaosha vyombo, siku nyingine ananuna, lakini anaosha. Nilimwomba Mungu kitu ambacho kingewaacha wanangu yatima. Alininyima, na ninamshukuru kwa kuninyima.

Mama uliyekaa hapo unaona aibu kusema umechoka, mwambie Yesu, yeye hatakuita mvivu. Halafu uje uniambie na mimi. Usingoje homa, usingoje mimba. Ukiniambia leo, kesho asubuhi nitapiga hodi kwako na maji ya moto.