Beryl Trezise na Maombi ya Kuzungumza na Waziri Kiongozi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Marrabee, wengine kwa safari ndefu na barabara zenye jalidi, familia za Trezise na Quilty zinawashukuru, na zinaomba mtege sikio kidogo msomewe maisha ya mpendwa wetu Beryl Anne Trezise.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Callan's Creek, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Patrick na Noreen Quilty, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1953, kisha akaja sekondari ya wasichana hapa mjini, alikomaliza mwaka 1963 na ripoti iliyosema ni mwanafunzi mwema anayewachosha walimu.

Januari 1964 aliajiriwa kuunganisha simu kwa mkono, na kazi hiyo ndiyo iliyomletea mume, maana kijana mkata manyoya ya kondoo aitwaye Victor alikuwa akiomba kuunganishwa na mama yake kila jioni, mpaka Beryl akamwambia, "Kaka, ama mama yako mgonjwa, ama unanitafuta mimi." Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1967, wakajaliwa watoto wawili, Janice na Colin, na baadaye wajukuu wanne. Mitambo ilipochukua kazi ya simu mwaka 1979, Beryl alihamia mapokezi ya hospitali ya mji, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2007, ndipo akaanza kujitolea redio ya jamii, akiendesha kipindi cha Alhamisi asubuhi ambacho wengi wenu mmewahi kukipigia simu, na wengine mmewahi kukatiwa simu humo.

Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilifunga wodi ya wazazi hapa mjini, na miezi michache baadaye mjukuu wake Tess alijifungua ndani ya gari kando ya barabara kuu, akiwa njiani kwenda hospitali ya mbali, mtoto akiwa amezongwa na kamba ya kitovu shingoni, akanusurika kwa sababu tu dereva wa lori aliyesimama alikuwa amezalisha ng'ombe wengi. Beryl aliiandikia ofisi ya Waziri Kiongozi wa jimbo akimwalika kwenye kipindi, akajibiwa kwamba ratiba imejaa, akaandika tena, ratiba ikawa bado imejaa, na wiki hiyo hiyo Waziri Kiongozi akasikika kwenye redio moja ya mji mkuu akieleza jinsi mbwa wake anavyopenda soseji.

Wanaomfahamu Beryl watashuhudia kwamba hakukasirika, bali aliingiwa na hamu ya kujua. "Hivi huko wanachaguaje, Vic?" aliuliza wakinywa chai. "Nani anaomba, nani anakubaliwa, na anayeamua ni nani?"

"Waulize wao," Vic akamjibu. "Mimi najua kondoo tu."

Basi akawauliza, akitumia sheria ya haki ya kupata taarifa, akiomba kumbukumbu za maombi yote ya mahojiano ya mwaka ule pamoja na majibu yake, na ofisi ikakataa, ikisema hayo ni mambo ya ndani. Kijana mmoja wa ofisini alimpigia simu kwa upole akamwambia, "Mama, hizi ni barua pepe tu za watu kuomba nafasi. Zitakufaa nini?"

"Sijui, mwanangu," Beryl akasema. "Sijaziona bado."

Alikata rufaa kwa kamishna wa taarifa, akangoja karibu miaka miwili, huku wengine hapa mjini wakimtania kwamba atazikwa na rufaa yake, mpaka Agosti 2018 kamishna alipoamua kwamba kazi ya umma ni ya umma, hata ikiwa ni kazi ya kukataa wageni. Karatasi zilipofika, yeye na Vic walizisoma mezani jikoni, na hawakukuta kashfa yoyote, bali watu: jarida la wafuga nyuki, redio ya Wagiriki, gazeti la wafungwa, wote wamekataliwa, na mbele ya jina la Beryl maneno mafupi, "Wasikilizaji wake hupiga simu. Hapana." Hakuna mahali palipoonyesha kwamba maombi hayo yalimfikia Waziri Kiongozi mwenyewe.

"Kumbe hawakuogopi wewe," Vic alisema. "Wanawaogopa majirani zetu."

Beryl aliwatafuta waliokataliwa, mmoja mmoja, akawauliza walitaka kuuliza nini, na Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 2018 akayasoma maswali yao yote hewani. Alhamisi iliyofuata simu ya studio ililia, na aliyepiga alikuwa Waziri Kiongozi.

"Karibu, bwana," Beryl alimwambia. "Uko wa pili kwenye laini. Mbele yako yupo Tess."

Akasubiri, akamsikia Tess akisimulia alivyojifungua kando ya barabara, mwanzo hadi mwisho, na zamu yake ilipofika sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bi Beryl, sikujua kwamba mliniita."

"Tunajua hukujua. Tumesoma. Sasa niambie, nani anakuchagulia wa kuzungumza naye?"

Waziri Kiongozi akajibu, "Sijawahi kuuliza."

Julai 2019 wodi ilifunguliwa tena ikiwa na vitanda vinne, si kumi na viwili kama zamani, na tangu mwaka huo kumbukumbu za maombi ya mahojiano hutolewa kila baada ya miezi mitatu, asome anayetaka.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, akatibiwa kwa subira, akiwauliza madaktari maswali mengi hivi kwamba Dakta Prasanna alizoea kuingia na kiti chake, na alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, hapa Marrabee, mkono wake ukiwa mkononi mwa Vic.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu na keki za nazi, na wenzake wa redio mlioshika kipindi bila kukiruka hata Alhamisi moja. Vic hawezi kusimama kusema, lakini ameomba mjue kwamba nyumba imekuwa kimya mno, mlango wa nyuma haufungwi, na atakayepita aingie, amwulize chochote.

Beryl, Mungu akupe pumziko la amani.