Bi Pyo Gil-rye na Picha Yake ya Msiba

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Gunsan, na mimi ni Noh Byeong-tae. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwigizaji wa mji wetu, Bi Pyo Gil-rye, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na minane.

Sura yake mnaijua, hata kama jina lilikuwa likiwapita. Ndiye yule bibi anayekufa. Alianzia jukwaani hapa mjini, akaingia kwenye runinga, na huko kila walipohitaji bibi wa kufa walimwita yeye. Madereva wa teksi walimtania: "Mama, jana umekufa tena." Naye aliwajibu: "Endesha polepole. Mimi nimeshazoea, wewe bado."

Kazi yake ya mwisho ni ile tamthilia inayohusu ofisi ya kutimiza maombi ya marehemu. Mji mzima ulilia. Katika tamthilia hiyo alikufa, na picha yake ikawekwa kwenye meza ya msiba, ikiwa na utepe mweusi. Waigizaji wana desturi ya kuichoma picha ya namna hiyo upigaji wa tamthilia ukiisha, ili kifo kibaki mchezoni. Bi Pyo alikataa.

"Maisha yangu yote sijawahi kutoka vizuri hivi pichani," alisema. Akaibeba hadi nyumbani, akaitundika jikoni, juu ya sufuria ya umeme ya wali.

Mwanawe, Bwana Ma Dong-gyu, alikosa raha tangu siku hiyo. Akija kula, aliketi akiipa picha mgongo.

"Mama, itoe. Inakuita."

"Iniite ya nini? Tunakaa nyumba moja."

Mwezi wa tatu mama akaanza kukohoa. Mwezi wa nne akalazwa. Dong-gyu akaenda nyumbani kwa mama, akaishusha picha, akaichoma uani ndani ya debe. Ameniruhusu niwaambie. "Nilidhani nikiichoma atapona," aliniambia.

Hakupona. Naye kitandani akatoa ombi lake la mwisho, moja tu: "Siku yangu ikifika, wekeni ile picha. Msiniwekee ya kitambulisho. Kwenye hiyo nimekaa kama mwizi wa kuku."

Narudia, wasikilizaji. Mama aliomba picha, na picha ilikuwa majivu.

Kila jioni swali likawa lile lile. "Dong-gyu, picha yangu iko salama?"

"Ipo, mama. Nimeipeleka kuwekwa kioo."

"Kioo gani hicho kisichokwisha?"

Dong-gyu alikonda kuliko mgonjwa. Aliwapigia simu watu wa tamthilia, akawasihi wamtafutie nakala. Hawakuwa nayo. Akaendelea kuja, akaendelea kudanganya, huku akiomba mama apone au asahau. Mama hakusahau.

Kisha akafariki. Kwenye jumba la msiba mhudumu akaomba wanachoombwa wafiwa wote: "Picha, tafadhali." Dong-gyu akatoa ya kitambulisho. Ikakuzwa, ikafungwa utepe, ikawekwa katikati ya maua meupe.

Mfiwa mkuu husimama kando ya picha, akiinamiana na wageni. Kila mgeni alipoinua macho, Dong-gyu alitazama sakafu. Supu ya nyama na pilipili ilipoa mbele yake. Siku ya pili akashindwa. Akamfuata dada yake, Bi Eun-sil, mlangoni.

"Dada, ile picha niliichoma."

Eun-sil aliendelea kupanga viatu vya wageni. "Mama alijua."

"Alijua?"

"Jirani alimpigia simu siku ile ile. Alimwambia, 'Mwanao yuko uani, anachoma kitu na kulia.'"

"Sasa mbona alikuwa ananiuliza kila siku?"

"Alisema ukimwambia ukweli unaaga mapema. Ukimdanganya, unavuta kiti ukae naye."

Dong-gyu akauliza, "Na ombi lake?"

"Alisema basi iwekwe ya mwizi wa kuku. Yeye hataiona. Utakayesimama nayo ni wewe."

Dong-gyu akarudi mahali pake. Wageni waliofuata, mimi nikiwa mmoja wao, tulimkuta akiitazama picha, machozi yakimtoka, mdomo ukikataa kuficha kicheko.

Bwana Dong-gyu, Bi Eun-sil, nanyi wajukuu, poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio na mzazi mgonjwa. Leo akikuuliza jambo uliloshamjibu jana na juzi, usimwambie umeshamjibu. Keti kwanza.