Siku ya Kutoanika

AMMON: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

SAVILLA: Haloo... wewe ndiye Ammon?

AMMON: Ndimi. Sema haraka, niko juu ya paa la wat— Mama?

SAVILLA: Usipige kelele, nakusikia. Niko kwenye kibanda cha simu, pale njia ya majirani akina Troyer inapoishia.

AMMON: Mama! Shikamoo, Mama.

SAVILLA: Marahaba. Sijui kama mtu aliyetengwa na kanisa naruhusiwa kumwitikia, lakini ndiyo nimeshaitika.

AMMON: Miaka minne, Mama. Miaka minne hujanipigia hata—

SAVILLA: Ngoja kwanza, usianze. Napiga kwa kadi ya mkamwana wangu Verna, sijui ina dakika ngapi. Nina swali la kufua.

AMMON: La nini?

SAVILLA: Kufua! Nguo! Nikizifua zinatoka safi. Nikizianika zinaingia madoa.

AMMON: [anacheka] Yaani umenitafuta kwa ajili ya madoa?

SAVILLA: Usicheke. Wewe ndiye ulikuwa unajua mambo ya ajabu ajabu pale nyumbani. Saa kumi nataka ziwe kavu na zimepigwa pasi. Zikiwa na doa, mimi sitaweza kuinua uso.

AMMON: Mna wageni?

SAVILLA: Watu wanakuja, ndiyo. Haya, nisaidie.

AMMON: Madoa yakoje?

SAVILLA: Ya njano, njano ya haradali. Madogo kama punje ya mchele, halafu yana kamkia.

AMMON: Si mafuta hayo? Ile mashine yenu na injini yake, tangu niko mdogo inatema mafuta.

SAVILLA: Ndivyo alivyosema kaka yako Reuben. Nikaiacha mashine, nikafua kwa mkono. Nikaanika. Haikupita saa, madoa yale yale.

AMMON: Basi kutu. Maji ya kisima—

SAVILLA: Nimeyeyusha theluji, Ammon! Mara hiyo ya pili nimefulia maji ya theluji, mikono haina ngozi. Nikamgeukia Verna wa watu, nikamwambia ana vidole vya siagi. Kalia, maskini. Huyu mke wa kaka yako machozi yake yako karibu.

AMMON: Na kamba?

SAVILLA: Nimeifuta mara mbili.

AMMON: Ndege, basi.

SAVILLA: Mavi ya ndege nisiyajue? Nimefua miaka arobaini!

AMMON: Sawa, sawa, usinigombeze na mimi. Nguo zote zim— [mtandao unakwaruza]

SAVILLA: Eh? Sema tena.

AMMON: Zote zina madoa?

SAVILLA: Zilizo upande wa zizi. Za upande wa nyumba hazina hata moja.

AMMON: Huko jua linawaka?

SAVILLA: Linawaka hasa. Leo ndiyo mara ya kwanza natoka bila shali tangu Krismasi. Theluji bado ipo, lakini inachuruzika.

AMMON: Ulipokuja hapo ulipita nyuma ya zizi?

SAVILLA: Nimepita.

AMMON: Theluji ya kule ikoje?

SAVILLA: Ikoje, si thelu— Ina vidoa. Eh! Ina vidoa vya njano, nimevikanyaga nikidhani ni vumbi la mbao za Reuben.

AMMON: Vimeanzia wapi?

SAVILLA: Kwenye yale masanduku yako.

AMMON: Ni nyuki, Mama.

SAVILLA: Nyuki gani, na baridi hii?

AMMON: Nyuki hawanyi ndani ya mzinga. Wanajibana baridi yote, miezi na miezi—

SAVILLA: Ammon, mdomo wako.

AMMON: Wanajisaidia basi, nisemeje? Siku ya kwanza ya jua kali wanatoka wote kwa pamoja, wanajisaidia huko huko hewani. Kilicho chini yao kinapata.

SAVILLA: Lakini nyuki wako walikufa. Baba yako alisema walikufa mwaka ule ule ulipotuacha. Masanduku matupu, akasema, akipata nafasi atayachoma.

AMMON: Mimi alimtuma Reuben aniambie kwamba keshayachoma.

SAVILLA: Sukari.

AMMON: Nini?

SAVILLA: Sukari yangu ya jikoni! Kila mwaka baridi ikikaribia inaisha, namsema Verna. Na ile mifuko ya nyasi kavu... Kila jioni mzee anakwenda nyuma ya zizi. Nikiuliza, eti anaangalia uzio. Uzio gani unaangaliwa miaka minne?

AMMON: Alikuwa anawakorogea sukari. Bila hiyo wasingefika leo. Na nyasi za kuwakinga na upepo.

SAVILLA: Baba yako huyo huyo?

AMMON: Nani mwingine?

SAVILLA: Aliyesema jina lako lisitajwe mezani?

AMMON: Huyo huyo, Mama.

SAVILLA: Ee Mungu wangu. Kumbe ndiyo maana! Kila mwaka baridi ikikatika kuna siku moja anaamka, anachungulia nje, ananiambia, "Savilla, leo usianike." Kwa nini, hasemi. Nikajua ni ukaidi wa uzee. Naanika ndani, nanuna kutwa.

AMMON: Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikiwa na miaka kumi na miwili. Alinicheka mpaka akakaa chini. Leo hakukuambia?

SAVILLA: Haya, yanatokaje hayo madoa?

AMMON: Maji baridi. Ya moto yanayagandisha. Unaloweka, halafu— Hebu. Leo si Alhamisi?

SAVILLA: Alhamisi.

AMMON: Kwetu watu wanafua Jumatatu. Tangu nizaliwe sijakuona unafua Alhamisi.

SAVILLA: Naloweka, halafu?

AMMON: Ni nguo gani, Mama?

SAVILLA: Nyeupe.

AMMON: Nyeupe zipi? Mashuka?

SAVILLA: Shati. Na suruali. Na kizibao.

AMMON: Suruali nyeupe? Mama, huko hakuna mwanamume anayevaa suruali nyeupe akiwa hai.

SAVILLA: [kimya]

AMMON: Mama.

SAVILLA: Nilizishona mwenyewe, ule mwaka maradhi ya mapafu yalipomwanza baba yako. Zilikuwa ndani ya kasha. Nimezitoa, mikunjo imebadilika rangi, zinanuka kasha. Nikasema hapana, siwezi kumvalisha hivi. Saa kumi gari la maiti linamrudisha nyumbani.

AMMON: Lini?

SAVILLA: Jana. Baada ya chakula cha mchana.

AMMON: Jana! Na ulikuwa uniambie saa ngapi? Mimi nakutajia kutu, nakutajia ndege—

SAVILLA: Nilikuwa nalifikia hilo, mwanangu. Niliona nikianza na madoa, labda mdomo utafunguka. [analia] Haukufunguka.

AMMON: Usilie. Mama, usilie peke yako kwenye kibanda.

SAVILLA: Na wewe shuka huko juu ya paa. Umeshika kitu?

AMMON: Nimeshashuka. Nimekaa chini.

[mtandao unakwaruza]

AMMON: Alinitaja?

SAVILLA: Ammon...

AMMON: Niambie ukweli tu. Pale mwishoni, alinitaja?

SAVILLA: Hakukutaja. Askofu alikuwa kaketi pale, na Reuben. Alitaja ndama, akataja bawaba ya mlango wa zizi. Jina lako, hapana. Sitakudanganya.

AMMON: Sawa.

SAVILLA: Moyo uliniuma. Nilimwinamia nikingoja alitaje.

AMMON: Sawa, Mama, basi.

SAVILLA: Basi nini, sijamaliza! Wengine walipotoka, akageuza kichwa dirishani, akanishika mkono. Mimi jana nikadhani ni homa tu inamsemesha. Akasema— [mtandao unakwaruza]

AMMON: Akasema nini? Umekatika! Mama!

SAVILLA: Nasema, akasema, "Kesho jua litawaka. Usianike."

[kimya kirefu]

SAVILLA: Ammon? Upo?

AMMON: Nipo.

SAVILLA: Hakusema kingine tena. Nikamwambia, lala mzee wangu, kesho hakuna anayefua. [analia] Aliniambia, Ammon. Nami nikaanika. Mara mbili.

AMMON: Hukujua.

SAVILLA: Miaka yote hiyo, angeniambia tu ni nyuki wa mtoto! Ningekasirika? Ningekwenda naye mimi mwenyewe, nimbebee sukari!

AMMON: Nakuja, Mama.

SAVILLA: Mazishi ni Jumamosi. Utakula meza ya peke yako, unajua sheria ya kanisa.

AMMON: Najua.

SAVILLA: Reuben hatapokea kitu mkononi mwako. Hata kikombe cha maji.

AMMON: Najua.

SAVILLA: Na mimi vile vile.

AMMON: Najua, Mama. Nitakiweka mezani, utakichukua mwenyewe.

SAVILLA: Hiyo meza nitaiweka dirishani. Upande wa zizi. Askofu akiuliza, nitasema chumba kimejaa.

AMMON: Asante.

SAVILLA: Na hao nyuki sasa hawana mtu. Verna huyu anakimbia hata nzi. Kofia yako ya wavu ipo, iko msumarini pale pale, nilikuwa nashangaa mbona haishiki vumbi. [mlio wa kadi] Nini hicho?

AMMON: Kadi inaisha. Mama, sikil—

SAVILLA: Verna naye ananipungia mkono, maji yamechemka. Umesema ya baridi, siyo? Naloweka kwa muda gani, halafu—

AMMON: Usilifue tena.

SAVILLA: Shati?

AMMON: Usilifue. Mvalishe hivyo hivyo.

SAVILLA: Watu wataona! Doa kubwa liko hapa kifuani.

AMMON: Kizibao kitafunika.

SAVILLA: Kitafunika. Eh. Kizibao nikifue, na suruali. Shati... shati liache. [mlio wa kadi] Haya, kwaheri, usiendeshwe na mtu anayekimbiza gari. Na Ammon, ukija, niletee—

[simu imekatika]

AMMON: Nikuletee nini? Haloo? Mama? Nikuletee nini, Mama?